Geji ya Probox imeganda nusu tenki, nimeishiwa mafuta njiani nikiwa na mama mgonjwa: naombeni ushauri

Mwana Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Jambo hili limeninyima usingizi.

Jumatatu alfajiri nilikuwa namtoa mama Magu kumleta kliniki Bugando. Geji inasoma nusu tenki. Hatujafika Kisesa, gari likaanza kukwamakwama, likazima. Napiga stata, injini inazunguka tu, haishiki. Nikajua pampu imekufa. Kijana wa bodaboda akainama, akagonga tenki kwa chini: "Kaka, humu hamna kitu." Akaniletea lita 5 kwenye kidumu, gari likawaka. Mama na presha yake alikaa pembeni ya barabara karibu saa nzima, na mshale bado uko nusu vilevile.

Fundi anasema ninunue pampu nzima pamoja na senza yake. Ni lazima kweli?

Sangara Mbichi
Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Kwa sasa usiiamini hiyo geji kabisa. Jaza tenki, rudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari) sifuri, hesabu kilomita. Na usiache tenki likauke tena, maana pampu inakaa ndani ya petroli na petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza.

Kamanga Feri
Nunua nzima ya mtumba, usumbufu uishe.

Fundi Waya
Asinunue kitu kabla hajapima. Senza ya mafuta ni kitu chepesi: boya linaelea, mkono wake unasugua kibati chenye rizista, na ukinzani unaobadilika ndio unaosogeza mshale. Kwenye Toyota nyingi za zamani utapata takriban omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani) tenki likijaa na kama 110 likiwa tupu. Gari lako linaweza kuwa na namba zake, cha muhimu ni zibadilike.

Fanya hivi. Inua siti ya nyuma, toa kifuniko, chomoa soketi ya juu ya tenki. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye pini mbili za senza (sio za pampu), andika namba. Ongeza lita 10, pima tena. Namba ikibadilika lakini ukirudisha soketi mshale hausogei, tatizo liko kwenye waya au dashibodi, na mimi huanza na waya wa athi (unaofungwa kwenye bodi ya gari) kwa sababu kutu hupenda kukaa pale. Namba ikibaki ileile, ugonjwa uko ndani ya tenki.

Dada wa Pasiansi
Kaka, hili lilianza lini? Kuna mtu alishafungua hilo tenki?

Mwana Nyegezi
Dada, umenikumbusha. Miezi miwili iliyopita pampu ilitolewa kubadilishwa chujio. Sasa nikifikiri vizuri, kabla ya hapo geji haikuwahi kunisumbua.

Nimepima leo: omu 52. Nimeongeza lita 10: 52 ileile.

Fundi Waya
Basi boya limekwama. Aliyerudisha pampu ameiingiza kwa kulazimisha, mkono ukapinda. Ifungue mafuta yakiwa kidogo, uwanjani penye upepo. Toa kwanza waya hasi wa betri, na asisogee mtu mwenye sigara. Usivute pampu wima. Ilaze pole pole boya litangulie kutoka. Ukishaitoa, tikisa boya karibu na sikio: ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka.

Mwana Nyegezi
MREJESHO. Tumefungua leo na fundi mwingine, Buzuruga. Boya zima, kavu. Mkono ulikuwa umepinda ukaingia nyuma ya mpira wa pampu, umebanwa pale, na boya limeacha alama kwenye huo mpira. Tumeunyoosha kwa koleo, tukausogeza juu na chini huku multimita ikiwa imeunganishwa: namba zinapanda na kushuka bila kuruka. Tumeweka gasketi mpya, nimelipa ufundi na gasketi tu.

Tulipowasha, mshale ulishuka mpaka karibu na E. Nimejaza tenki sheli, ukapanda taratibu hadi F. Dada wa Pasiansi, Fundi Waya, asanteni sana. Nimempigia mama nikamwambia, akacheka, akasema kliniki ijayo nitangulie kujaza mafuta.

Sangara Mbichi
Safi mkuu. Rudi kwa aliyebadilisha chujio umwonyeshe hiyo alama, ana magari ya wengine pale.