Mini Cooper S na Ford Falcon ya V8: je, ushindi wa Monte Carlo wa 1964 ulikuwa halali?

Ndugu wapenzi wa magari, naleta mezani hoja iliyogawa watu tangu Januari 1964, Paddy Hopkirk na msoma ramani wake Henry Liddon waliposhinda mbio za magari za barabarani (rali) za Monte Carlo kwa Mini Cooper S, gari dogo la Uingereza lenye injini ya cc 1,071, huku Bo Ljungfeldt akishika nafasi ya pili kwa Ford Falcon ya Marekani, yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyozidi lita 4. Wanaoitetea Falcon husema kwamba Mini ilibebwa na kanuni, kwa kuwa muda wa kila gari ulirekebishwa kwa kuzingatia ukubwa wa injini yake, na ukiangalia saa peke yake, Ljungfeldt ndiye aliyekuwa na kasi kubwa zaidi. Hilo ni kweli.

Ninalolikataa ni kudai kwamba kwa sababu hiyo Mini haikustahili. Kanuni ilijulikana kabla ya mbio, tena na pande zote mbili. Lakini hata tukiiweka kando, bado anatakiwa mtu aeleze gari lenye injini isiyofika theluthi moja ya ile ya mwenzake liliwezaje kumkaribia kiasi hicho. Jibu liko chini ya boneti. Alec Issigonis, mbunifu wa Mini, aliilaza injini kwa upana wa gari na kuiweka giaboksi chini yake, ndani ya sampu (bakuli la oili la injini) ileile, hivyo uzito mwingi ukakandamiza magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta. Kwenye Col de Turini, njia ya milimani ya mbio hizo, ambako barabara ni nyembamba, kona zimejikunja na barafu haikosekani wakati wa baridi, tairi zilizolemewa na uzito hushika njia, ilhali gari kama Falcon, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini nzito ikiwa mbele, hupoteza nguvu zake kwa kuserereka. Mwaka uliofuata Mini ilishinda tena, safari hii ikiendeshwa na Timo Mäkinen, katika theluji kali iliyoacha magari 35 tu yakifika mwisho kati ya 237 yaliyoanza, na sidhani kama kuna hesabu ya kurekebisha muda inayoweza kulivusha gari kwenye theluji ya namna hiyo.

Siwadharau Wamarekani hata kidogo. Septemba 1964, Ford Mustang, iliyojengwa kwa sehemu nyingi za Falcon, ilichukua nafasi ya kwanza na ya pili katika kundi la magari ya abiria kwenye Tour de France ya magari, mbio za kuzunguka Ufaransa, Peter Procter na Andrew Cowan wakiongoza, na huko ushindi ulikuwa wa kasi tupu. Penye nafasi ya kunyoosha mguu, V8 haina mpinzani.

Ila kupima ubora kwa nguvu za farasi na robo maili iliyonyooka ni kupima nusu ya gari. Pontiac GTO, gari jingine la Marekani la V8 la mwaka huohuo, ilikuwa na injini ya lita 6.4 na nguvu za farasi 325, lakini ilisimamishwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, wakati Cooper S, yenye nguvu 70 tu, ilikuwa tayari na breki za diski mbele. Anayeitetea GTO anieleze: kwenye mteremko mrefu wa mlima, ngoma zile zikishapata moto na kupoteza nguvu ya kushika, farasi 325 watamsaidia nini dereva?