Natafuta kwao mama yake nyanya, aliyekuwa na nyumba Pangani ya zamani, Nairobi

Mjukuu wa Shauri Moyo
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mama yake nyanya yangu alikuwa na nyumba yake mwenyewe Pangani, ile iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Alipangisha vyumba. Kisha akahamia Shauri Moyo, akafia huko miaka ya 1950. Nyanya amezeeka sana na bado anauliza: mama alitoka wapi? Kwao ni wapi? Nilifikiria fomu za sensa ya 1948, nione jina na kabila lake. Nianzie wapi? Ningependa nyanya ajibiwe akiwa hai.

Mzee wa Ziwani
Marahaba mwanangu. Sensa iache kwanza. Ya 1948 ndiyo iliyohesabu Waafrika wa Kenya nzima kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo serikali ilikadiria kwa kodi. Lakini utakachosomewa leo ni jumla: wilaya hii, kabila hili, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Jina la bibi yetu halimo.

Fuata nyumba. Mwenye nyumba huacha karatasi: fidia, malalamiko, kesi na mpangaji. Nenda Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, jengo lililokuwa benki. Usiombe kwa jina la mtu, maana mafaili yamepangwa kwa ofisi na kwa jambo. Uliza ya manispaa kuhusu kubomolewa kwa Pangani na kuhamishiwa watu Shauri Moyo, uyasome ukurasa kwa ukurasa. Na jina litafute kwa kila tahajia. Karani aliandika alivyosikia: Athumani, Asmani, Othman, wote mtu mmoja.

Binti Majengo
Mjukuu, alikuwa Mwislamu? Nauliza kwa sababu wanawake wengi waliojenga Pangani na Pumwani walisilimu hapa mjini, wakapewa jina jipya. Karatasi za Nairobi zitakuwa na jina la Kiislamu, na huko kwao hakuna anayelijua. Ukienda kijijini na jina hilo utarudi mikono mitupu, na watu hawatakuwa wamekudanganya.

Kama ndivyo, tafuta mirathi yake kwa Kadhi. Hapo ndipo pana utajiri. Mwislamu akiacha binti mmoja tu, binti anachukua nusu. Inayobaki hutafutiwa jamaa wa damu, kwa mfano kaka Mwislamu. Kwa hiyo Kadhi hana budi kuuliza marehemu ana nani. Jibu la swali hilo moja ndilo unalolitafuta.

Mzee wa Ziwani
Binti amesema kweli. Na kwa waliofariki miaka ya karibu, soma Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, alikoishi, tarehe ya kifo, na anayeomba kusimamia mali pamoja na uhusiano wake. Matoleo mengi ya zamani yapo mtandaoni. Tafuta binamu za nyanya humo pia.

Mjukuu wa Shauri Moyo
Nimemuuliza nyanya jioni hii. Ndiyo, alisilimu, na nyanya ni mtoto wa pekee. Anasema kuna mwanamume aliyekuja matangani, akaitwa mjomba, akapewa pesa mbele ya mashahidi. Hakumwona tena. Sijawahi kusikia habari zake! Makavazi naanza Jumatatu. Je, kuna anayejua mafaili ya Kadhi wa Nairobi ya miaka ya 1950 yanahifadhiwa wapi, kortini au kwingine?