Kompyuta ya mizani inazima kila majirani wakiingia kwenye waifai. Niitupe au kuna njia?

mizani_mwaloni:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, wiki ya tatu hii silali vizuri.

Nasimamia ghala la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tuna mizani ya jukwaa iliyounganishwa kwa waya wa pini tisa na kompyuta ya zamani ya Windows XP. Gunia likipanda, kompyuta inasoma uzito na kuchapa risiti. Programu yake ilikuja na mizani, aliyeifunga hapatikani tena, na kwenye Windows mpya imegoma kabisa.

Miaka yote haikuwahi kutusumbua. Mwezi uliopita tukachangishana na majirani, maduka matatu, tukaweka intaneti ya ruta moja. Waya mmoja ukaja kwenye kompyuta ya mizani ili mama, yaani bosi, afungue faili la mauzo kwenye laptopu yake akiwa ofisini juu. Tangu hapo skrini inageuka bluu ghafla, kufumba na kufumbua, kisha inajiwasha upya.

Juzi ilikuwa giza la mwezi, boti zimeingia na mzigo mwingi, mteja wetu anapakia kwenda Congo. Gunia liko juu ya mizani, 48.6 imeganda kwenye skrini, wapagazi wamesimama na mengine mabegani. Ilipotokea mara ya tatu asubuhi ileile, yule mteja akaniuliza kama nachezea uzito. Nimemhudumia miaka sita. Iliniuma sana.

Fundi wa kwanza aliweka antivairasi, akachukua 40,000, jioni ikazima tena. Nikaanza kuandika saa kwenye daftari: inazima mchana tu, usiku hapana, na Jumapili majirani wakifunga haizimi hata mara moja. Mizani mpya na programu yake msimu huu hatuwezi. Nifanyeje?

Mtoto wa Igoma:

Pole mkuu. Hiyo ni RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, au joto. Vumbi la dagaa linaingia kwenye feni na kuganda. Fungua, puliza, toa RAM, isugue kwa ufutio, rudisha. Cheki na umeme, mchana unashuka sana maeneo hayo.

FundiBuzuruga:

Vumbi lisafishwe, ni kweli, lakini RAM mbovu haichagui siku majirani walipofunga. Mkuu, daftari lako limeshakupa nusu ya jibu.

Fanya hivi. Bofya My Computer kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Advanced, halafu sehemu ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikizima tena ile skrini ya bluu itabaki hapo. Ipige picha, utuandikie jina la faili lililoandikwa chini.

mizani_mwaloni:

Imetokea leo saa nne asubuhi. Limeandikwa srv.sys.

FundiBuzuruga:

Basi tumefika karibu. Hilo ndilo faili ambalo Windows inalitumia kutoa mafaili yake kwa kompyuta nyingine. Mlipomfungulia mama faili la mauzo, mlifungua poti namba 445, yaani mlango mmojawapo wa kompyuta kwenye mtandao. Fayawoli ya XP, yaani mlinzi wa hiyo milango, ukiiruhusu hivyo, kwa kawaida inaamini kila aliye kwenye mtandao wenu wa ndani. Kwa kuwa mnatumia ruta moja, majirani wote wamekuwa watu wa ndani.

Nahisi kwenye maduka hayo kuna laptopu yenye kirusi cha ukoo wa WannaCry, kile kinachofunga mafaili ya watu na kudai pesa. Kilizuka 12 Mei 2017, hospitali nyingi za Uingereza zikakwama. Kinatafuta poti 445 kwa kila jirani na kujaribu kuingia kupitia kosa la Windows la kupokea ujumbe usio sawa. Kiliwapata zaidi wenye Windows 7. Kikikutana na XP, mara nyingi kinashindwa kuingia, ila kile kujaribu kwenyewe kunavuruga kumbukumbu ya mfumo na mashine inazima. Ndiyo maana hukukuta faili lililofungwa wala ujumbe wa kudai pesa. Na ndiyo maana antivairasi haikusaidia: kinachoanguka ni mfumo wenyewe ukipokea ujumbe kutoka kwenye waya, kabla programu yoyote haijafunguliwa.

Nyakato_Waya:

Kwa hiyo kuna jirani anamhujumu? Mkuu, wafungie waifai wote leo leo.

FundiBuzuruga:

Hapana, tusiharakishe kugombanisha watu. Mwenye laptopu huenda hajui lolote. Kirusi kinagonga kila mlango, mlango wa XP ndio unaovunjika.

MzeeWaKafe:

Vijana, niongeze kidogo. Nimekuwa na kafe ya intaneti hapa mjini, na Agosti 2003 sitaisahau. Kirusi cha Blaster kilipoingia, XP zangu zilikuwa zinaonyesha kidirisha kinachohesabu sekunde 60, kisha zinajizima. Mteja anaandika barua ya maombi ya kazi, anaangalia sekunde zinaisha, hana la kufanya. Nilirudisha hela za watu siku mbili mfululizo.

Na tatizo lilikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 1997 Windows 95 ilikuwa inaangushwa na mtu yeyote aliyetuma data za dharura kwenye poti 139, wakaiita WinNuke. Kabla yake kulikuwa na ping, yaani ujumbe wa kuulizia kama kompyuta nyingine ipo hewani, ila kubwa kupita kiasi. Pakiti ya intaneti haitakiwi kuzidi baiti 65,535, lakini ukiituma vipande vipande, mpokeaji anaviunga bila kujumlisha kwanza, na jumla ikipita mpaka anaanguka. Mizani yako hapo Mwaloni ina kikomo chake, na mpagazi anakijua. Mifumo ile ilipokea mzigo kwanza, ikahesabu baadaye. Na haikuwa Windows peke yake, Linux za wakati ule nazo ziliangushwa na vipande vinavyopandana.

Tofauti ni kwamba mifumo inayotunzwa ilizibwa. XP Microsoft iliacha kuihudumia 8 Aprili 2014.

Binti Ukerewe:

Lakini si walitoa sasisho la XP kwa ajili ya hicho kirusi? Kaka aliweke tu aendelee na kazi.

FundiBuzuruga:

Walitoa kweli, Mei 2017, kwa dharura. Namba yake KB4012598. Dada uko sahihi, aliweke. Ila asiliweke halafu akarudisha waya akajiona salama. Miaka miwili baadaye, Mei 2019, ilibidi Microsoft waitolee XP sasisho jingine, la poti 3389 inayotumika kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Mashimo yataendelea kupatikana na hakuna aliyeahidi kuyaziba. Mimi nasema mashine ya mizani isiwe na waya wa mtandao kabisa. Kazi yake ni kusoma uzito na kuchapa, na hayo yote hayahitaji intaneti.

Mtoto wa Igoma:

Nakubali, mimi nilikosea. Vipi kuiweka XP ndani ya kompyuta mpya, kama mashine ndani ya mashine, na kigeuzi cha USB kwa waya wa mizani?

FundiBuzuruga:

Inawezekana, ila vigeuzi vingine vya bei rahisi vinaweza kupoteza tarakimu. Hapo 48.6 ikisomeka 8.6 ugomvi na wateja utakuwa mkubwa kuliko huu. Ajaribu baada ya msimu, sio sasa. Cha haraka ni kunakili diski nzima. Diski ya umri huo ikifa, programu ya mizani imekwenda nayo.

mizani_mwaloni:

Wakuu, nimerudi. Siku ya nne leo tangu nichomoe waya, haijazima hata mara moja, na juzi tulipima magunia 310. Kila jioni natoa faili la mauzo kwa flashi niliyoitenga kwa kazi hiyo tu, nampelekea mama juu. Mwanzoni alinuna, nikamwonyesha daftari, akakubali.

Kwa majirani nilikwenda kwa upole kama mlivyosema. Laptopu ya duka la nyavu ina Windows 7, haijawahi kusasishwa. Mwenyewe alishtuka, kaniomba nimtafutie fundi. FundiBuzuruga, nimekutumia ujumbe, angalia.

Yule mteja wa Congo nimempigia na kumweleza yote. Kasema atakuja giza lijalo.

Sasa naomba mnisaidie hili: diski ya kunakilia nimepata Makoroboi, lakini kompyuta hii ina waya ule mpana wa zamani. Nitumie kigeuzi gani?

FundiBuzuruga:

Huo ni IDE. Usinunue kitu, nina kigeuzi chake. Nitapita Jumapili mkiwa hamna mzigo.

mizani_mwaloni:

Wabeja sana mkuu. Nakusubiri.