Tupeane uzoefu: chakula kikavu cha mtoto wa mbwa mkubwa, mliumia wapi?

Kaka wa Utawala
Habari za jioni wadau. Jumamosi nimeletewa mtoto wa Rottweiler kutoka Ruiru, wiki tisa, nyayo zake utadhani amevaa viatu vya baba yake. Aliyeniuzia alinifungia chakula cha siku tatu kwenye gazeti, akaniambia kikiisha nimpe ugali na omena kama mbwa wengine. Daktari aliyemchanja akasema nisithubutu, nitafute chakula kikavu cha watoto wa mbwa wakubwa. Leo nimeingia agrovet tatu. Kila mfuko una picha ya mbwa anayecheka. Kuna ulioandikwa ni wa mbwa wote, kuna wa watoto tu, kuna wa watoto wa mbwa wakubwa, na huu wa mwisho bei yake karibu mara mbili. Nikauliza tofauti, muuzaji akanijibu, "Punje tu, za huu ni kubwa." Mlio na mbwa wakubwa, mlipitia nini? Ya Google nimesoma, nataka yenu.

Fundi Stima
Ugali na omena. Funga uzi.

Mama Tatu Kinoo
Wangu alikula ugali na mapafu miaka 12 akafa na uzee. Lakini alikuwa mbwa wa kawaida, hata kilo 20 hakufika. Ngoja wenye mbwa wa kutisha waje.

Baba Njeri, Rongai
Nilikuwa napita tu, lakini umenirudisha 2016. Nilikuwa na Boerboel, jina lake Jembe. Nilimpenda yule mbwa hadi mke wangu akaanza kuongea. Nilimnunulia chakula kizuri, sikubahatisha, kile cha bei. Kosa langu ni kwamba sikumpimia. Bakuli lilikuwa limejaa asubuhi hadi usiku, naye alikuwa anakula kama amekodishwa. Halafu aliyeniuzia akaniambia mbwa wa mifupa mikubwa anataka kalsiamu, kwa hiyo nikawa namnyunyizia DCP ya ng'ombe, ule unga wa kalsiamu na fosforasi, kijiko cha mezani kila mlo. Juu yake maziwa. Juu yake unga wa mifupa. Miezi mitatu na nusu alikuwa anapigiwa picha na majirani.

Mwezi wa nne akaamka hataki kusimama. Vifundo vya miguu ya mbele vimevimba kama ametiwa mayai ndani ya ngozi, mwili moto, ukimgusa analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Nikamfunga kwenye blanketi nikampeleka. Akapigwa picha ya mifupa. Daktari akaniuliza, "Huwa unampa nini?" Nami nikamhesabia yote kwa majivuno, moja moja. Yule mama akaweka kalamu chini. Akaniambia mbwa mzima akipewa kalsiamu nyingi, tumbo lake linajua kukataa. Mtoto, hasa kabla ya miezi sita, hajui kukataa. Chochote kilichoingia tumboni kinaenda mwilini, na mifupa ile inayokua mbio ndiyo inaharibika. "Umejenga ghorofa ya nne na slabu ya kwanza bado mbichi." Mimi ni mtu wa mjengo. Hakuhitaji kuniongezea neno.

Wiki tatu hakutembea. Njeri, wakati huo darasa la tatu, ndiye alikuwa anamtoa nje na wilbaro akojoe. Alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki umepinda kwa ndani, na tangu hapo kupanda ngazi ilikuwa hesabu. Amekufa mwaka juzi. DCP ilibaki nusu mfuko, iko stoo hadi leo, sijui naiwekea nini.

Wa Kahawa Sukari
Pole sana Baba Njeri. Na hiyo ya DCP bado wauzaji wanaisema mpaka leo, mimi niliambiwa mwezi uliopita.

Daktari wa Ng'ombe
Mimi ni wa mifugo, niko upande wa Kajiado, lakini mbwa pia huletwa. Huyo mwenzangu alikwambia ukweli. Kaka wa Utawala, tofauti si punje. Geuza mfuko usome nyuma. Ukiwa umefuata viwango vya AAFCO, chama cha wakaguzi wa chakula cha mifugo cha Marekani, tafuta maneno kwamba ni chakula kamili cha ukuaji, pamoja na mbwa ambao wakikomaa watafika kilo 32 na kuendelea. Kama umeandikwa ukuaji "isipokuwa" hao, uache, hata ukiwa na picha ya simba. Kalsiamu: hao wakubwa kikomo ni asilimia 1.8 ya chakula bila maji, wadogo wanaruhusiwa hadi 2.5. Mimi hupenda ikiwa kati ya 1 na 1.5, na izidi fosforasi kidogo tu. Na ukishapata mfuko wa namna hiyo usiongeze kitu chochote cha mifupa. Chochote.

Protini usiiogope, hiyo ni hadithi ya zamani. Kinachoumiza ni kushiba kupita kiasi na kalsiamu. Mbavu zake uzisikie kwa vidole bila kubonyeza. Marekani kuna Labrador 48 waliofuatwa maisha yao yote, nusu wakipewa robo pungufu ya wenzao. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao viliuma kwa kuchelewa.

Fundi Stima
Labrador wa Marekani si Rottweiler wa Utawala. Mbwa wa babu yangu alikula nini daktari? Alisoma nyuma ya mfuko?

Daktari wa Ng'ombe
Mbwa wa babu yako alikuwa kilo 15, nusu ya chakula chake alijitafutia, na waliokufa wadogo hakuna aliyewahesabu. Huyu wa kaka atafika kilo 50.

Fundi Stima
Kwa hiyo unga ni sumu sasa.

Mama Tatu Kinoo
Wakati mwingine ni sumu kweli, Fundi. Unafikiri mahindi ya ule unga wa mbwa yanatoka wapi? Ni yale yaliyokataliwa. 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 125 walikufa kwa aflatoksini, ile sumu ya ukungu, watu, na walikuwa wanakula mahindi yao wenyewe. Kupika hakuitoi ile kitu. Mimi siku hizi wangu nawapikia mchele.

Daktari wa Ng'ombe
Kweli kabisa. Ila mifuko nayo si malaika. Mwishoni mwa 2005 Marekani mbwa walikufa kwa aflatoksini iliyokuwa kwenye chakula kikavu cha dukani. Ndiyo maana namba ya toleo na tarehe iliyo kwenye mfuko usiitupe.

Kaka wa Utawala
Asante sana daktari. Kwa hiyo nikipata uliopoa bei, wa kupimiwa kwa kilo, si ni ule ule?

Boss wa Syokimau
Hapo umenigusa. Sikutaka kuandika hii.

Mwaka jana nilikuwa na German Shepherd wa miezi minne, Kaiser. Mfuko wa kilo 15, wa kutoka Ufaransa, shilingi 9,500, ulipaswa kumfikisha wiki tano. Ukaisha siku kumi na nane. Wa pili hivyo hivyo. Na Kaiser mbavu zinahesabika ukiwa getini. Akapewa dawa ya minyoo mara mbili. Choo kikapimwa, hamna kitu. Daktari akasema ongeza chakula, nikaongeza, mfuko ukaisha mbio zaidi. Mke wangu akasema labda panya. Panya gani anakula kilo tatu?

Nikatoa mizani ya bafuni. Jumatatu usiku mfuko kilo 11. Alhamisi usiku 7. Kaiser kwa siku tatu hawezi kupita kilo moja na robo. Sikusema neno.

Jumamosi nikaenda agrovet ya pale steji kununua dawa ya kupe. Kwenye kona kuna ndoo wazi, kikombe juu yake, kibao cha kadibodi: CHAKULA KIZURI CHA MBWA, KUTOKA NJE, KWA KILO. Nikachungulia. Punje zenyewe zina umbo lake, hakuna duka jingine upande wetu linauza ile. Nikauliza wanatoa wapi. Kijana akasema kuna mzee huleta, kila wiki.

Nikarudi nyumbani miguu mizito. Mzee wetu wa geti alikuwa anamwosha Kaiser kwa karai, anamwongelesha kwa lugha yao. Nikamuuliza. Hakukana. Akasema kijana wake alirudishwa nyumbani, karo, kidato cha tatu. Akasema, "Lakini boss, Kaiser sikumlaza njaa. Nilikuwa namkorogea uji kwa unga wangu." Unga WAKE. Nilimfukuza usiku ule ule. Mlinzi tuliye naye sasa Kaiser ameshamuuma mara mbili.

Wa Kahawa Sukari
Eh.

Nyanya wa Kikuyu
Samahani mwanangu, na huyo mzee ulikuwa unamlipa ngapi?

Boss wa Syokimau
Hiyo haihusiani na uzi.

Nyanya wa Kikuyu
Mfuko umetuambia bei bila kuulizwa.

Boss wa Syokimau
14,000. Na chumba. Na alikuwa anakula kwetu mchana.

Mtoto wa Buru
Kwa hiyo mbwa Ufaransa, mzee sukuma.

Wa Ruaka
Wizi ni wizi. Angeomba. Kama angekuja akasema boss nimekwama, kuna mtu angekataa?

Mtoto wa Buru
Kuna watu wangekataa, wengine tunawafanyia kazi.

Fundi Stima
Mnaona? Angekula ugali na omena hakuna mtu angeiba.

Wa Ruaka
Angeiba omena.

Baba Njeri, Rongai
Huyo mzee alimkorogea uji kwa unga wake. Mimi nimekwama hapo tu.

Boss wa Syokimau
Nilitafuta namba yake mwezi wa tatu. Haipatikani. Tuendelee na chakula.

Kaka wa Utawala
Ndio, naomba tuendelee na chakula jameni, wangu amebakiza cha kesho asubuhi.

Daktari wa Ng'ombe
Nimalizie la kupimiwa. Usinunue ya ndoo wazi, awe ameleta mzee au ndege. Mafuta yake yanachacha kwa hewa, panya wanakojoa ndani, na mbwa akiugua huna tarehe wala toleo la kuuliza. Nunua mfuko mdogo uliofungwa. Ukifika nyumbani usimwage kwenye ndoo, ingiza mfuko wote ndani ya ndoo ufunike, maana mafuta ya zamani yanabaki kwenye plastiki.

Wa Ruaka
Chukua tu wa mbwa mzima, akue polepole. Ndivyo wafugaji wakubwa wanafanya.

Daktari wa Ng'ombe
Si lazima. Chakula cha mbwa mzima nacho kinaweza kuwa na kalsiamu ya juu, na kwa kuwa hakina nguvu sana mtoto anakula kingi zaidi. Unajikuta pale pale. Mwache kwenye cha watoto wakubwa hadi mwaka na zaidi.

Wa Ruaka
Wangu yuko sawa.

Dada wa Umoja
Naongeza moja. Ukibadilisha chakula changanya kidogo kidogo, kama wiki nzima, vinginevyo ataharisha. Lakini akiharisha usikae ukisema ni chakula. Mimi nilibadilisha Jumatano, akaharisha Alhamisi, nikasema ni chakula. Nikangoja siku mbili. Ilikuwa parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Alikuwa amebakiza chanjo mbili.

Mama Tatu Kinoo
Pole dada. 💔

Mtoto wa Buru
Yai moja kila asubuhi, manyoya yanang'aa kama gari la gavana.

Wa Kahawa Sukari
Usimpe yai, atazoea kuingia kwa kuku.

Nyanya wa Kikuyu
Maziwa lala kidogo. Msinibishie, nimefuga mbwa kabla hamjazaliwa.

Baba Njeri, Rongai
Nyanya, maziwa lala kidogo sawa, mimi nilikuwa namwaga lita. Kaka, mgawie mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mara mbili. Usije ukafika mara moja hata akiwa mzee, hao wenye kifua kikubwa tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota, na hapo una saa chache tu. Na ile jedwali ya nyuma ya mfuko, anza chini yake. Wenye kampuni wanauza chakula.

Kaka wa Utawala
Nimerudi wadau. Nimechukua mfuko wa kilo 3, umefungwa, wa watoto wa mbwa wakubwa. Nyuma kalsiamu 1.2, fosforasi 1.0, na yale maneno ya kilo 32 yapo, kwa herufi za kutafutwa na tochi. Nimempima kwa kumbeba juu ya mizani na kujitoa mimi: kilo 8 na nusu. Nitakuwa nampima kila Jumapili. Amekula, amelala juu ya kiatu changu, hahitaji yai.

Nilipokuwa naingia nao getini mlinzi wetu akaniuliza mfuko mdogo hivyo ni bei gani. Nikamwambia nimepewa zawadi. Sijui kwa nini nimedanganya.

Fundi Stima
Unajua.

Wa Ruaka
Kaka, huyo wa Ruiru bado ana wa kike?