Tai chi ni ya kutuliza akili au ya kupigana? Naomba kueleweshwa

mgeni_wa_mazoezi: Wakuu habari, nina miezi minne najifunza tai chi, sisi ni kupumua na kusogea polepole kama tuko ndani ya maji, akili inatulia kweli sikatai na usingizi umerudi. Sasa juzi rafiki yangu wa karate akanicheka eti hiyo ni ngoma ya wazee, akanisukuma kidogo tu nikayumba hadi ukutani. Kwani hii kitu ni mapigano kweli au tunadanganyana?

babu_kaptula: Mkuu jina lenyewe kamili ni taijiquan, hiyo quan ya mwisho ni ngumi. Ukoo wa Chen kule Henan, China, walikuwa wanafundishana wenyewe kijijini, Yang Luchan akajifunza kwao akaipeleka Beijing karne ya 19, halafu mjukuu wake Yang Chengfu ndo akailainisha watu wa kawaida waiweze. Mwaka 1956 serikali ikatoa ile fupi ya mikao 24, nahisi ndo unayofanya. Yako imechujwa mara mbili bana.

kiuno_laini: Shida unafanya peke yako. Ulizia mazoezi ya kusukumana mikono. Mnasimama mnatazamana mikono imegusana, akisukuma humpingi, unageuza kiuno tu nguvu yake inapita pembeni, anajikuta anaenda nayo. Mimi mwanzoni nilikuwa nakaza mabega kama nimebeba gunia, kuna mama mmoja mfupi ananiyumbisha anavyotaka, na hapo ndo nikaelewa utulivu ni wa nini, maana ukishaanza tu kuwaza utamshindaje mwili unakaza na yeye anausikia kabla hujasogea.

ngumi_mkononi: Sawa ila kusukumana sio kupigana. 2017 Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA (ile ya kuchanganya mitindo ya mapigano), alipigana na mwalimu wa tai chi kulekule China, hata nusu dakika haikufika, mwalimu yuko chini anapigwa. Kama hamrushiani ngumi za kweli mazoezini, we fanya kwa afya, na afya sio kitu kidogo.

mgeni_wa_mazoezi: Asanteni wakuu. Nimemuuliza mwalimu, kasema kusukumana baadaye, kwanza nisimame kama nimekumbatia mti, magoti yamekunjwa kidogo, dakika 10. Ya tatu tu mapaja yanatetemeka jasho linanitoka na sijasogea hata hatua moja. Yule wa karate simwambii kwanza.