Sensa ya joto la giaboksi ya oto kwenye pikapu, niiweke wapi?

pikapu_ya_mzigo:
Wakuu habarini. Nina pikapu ya oto, navuta trela karibu kila wiki, na kwenye dashibodi hakuna kitu kinachonionyesha joto la giaboksi zaidi ya kataa kamoja ambako kakiwaka ujue mambo yameshaharibika. Mwezi uliopita nimemwaga oili ya gia ikatoka kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, na wala haina hata mwaka. Nimeshanunua geji na sensa yake ya waya mmoja, ila kila ninayemuuliza ana lake. Fundi wa kwanza kasema toboa sampo (lile karai la oili chini ya giaboksi), wa pili kasema funga kwenye bomba linaloenda oili kula (kile kipozea oili), jirani yangu naye anasema pembeni ya giaboksi kuna tundu la kupimia presha, ng'oa plagi, funga sensa, kazi imeisha. Nani nimsikilize? Sitaki nitoboe kitu halafu nianze kujuta.

gia_ya_tatu:
Mkuu hao wote watatu hawajakudanganya, kila mmoja anapima kitu chake. Oili ya kwenye sampo ndiyo pampu inayoivuta na kuipeleka kwenye klachi na valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi), kwa hiyo hapo unasoma joto ambalo giaboksi inaishi nalo. Inapanda taratibu na kushuka taratibu. Ile ya kwenye bomba la kwenda kula imetoka kwenye torki konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi) sasa hivi, ukiwa kwenye mlima na trela nyuma, konveta haijafunga (bado inateleza), utaona sindano inaruka mpaka digrii 130 wakati sampo bado iko 95, na wengi wakiona hivyo wanapaniki bure. Lile tundu la presha ni rahisi kweli, ila mara nyingi oili haipiti pale, imekaa tu kama maji ya kwenye kisima, so geji inachelewa na inasoma chini kuliko hali halisi.

Mimi ningeweka sampo. Tembea kati ya 75 na 95 usiwe na wasiwasi, ikigusa 110 anza kupunguza mwendo au shusha gia, ikifika 120 paki pembeni. Na ukipaki usizime injini haraka, weka nyutro, vuta handibreki, iache izunguke kama mara 1,200 hivi kwa dakika ili pampu iendelee kupitisha oili kwenye kula.

nut_na_spana:
Sampo sawa, ILA usifanye nilichofanya mimi. Nilitoboa ubavuni sehemu iliyoonekana nzuri kwa nje, nikachomelea nati, nikapaka rangi, naenda kufunga sampo haikai, kumbe ncha ya sensa inagonga filta ndani. Nilikaa pale chini ya gari na oili inanidondokea kwenye shingo nikajiuliza kwa nini sikupima kwanza. Dawa yake ni udongo wa kuchezea watoto, ule laini. Weka donge ndani ya sampo pale unapotaka kutoboa, funga sampo na boliti mbili tatu, fungua tena uone donge limebonyezwa kiasi gani. Likibaki nene kuliko urefu wa sensa, toboa. Likibaki jembamba kama chapati, hama.

Mengine: shusha sampo kabisa ndo utoboe, usitoboe ikiwa juu maana ule unga wa chuma unaishia kwenye valvu bodi. Usichague upande ekzosi inapopita, joto lake litakudanganya na waya utayeyuka. Usiweke chini kabisa pia, jiwe moja tu na sensa imeng'oka na oili yote barabarani. Ubavuni, upande wa nyuma, ila iwe chini ya usawa wa oili gari likiwa limewaka.

mlima_kwa_mlima:
Napingana nanyi kidogo. Anayevuta trela anataka taarifa MAPEMA, sampo inakuja kukwambia wakati oili yote imeshachemka. Mimi yangu iko kwenye bomba la kutokea na nimezoea, najua mlima ukianza itaruka na nikishusha gia konveta ikafunga inarudi ndani ya dakika mbili. Ukiamua bomba hakikisha ni la kutokea na siyo la kurudi, la kurudi linakupa joto la oili iliyoshapozwa, utajiona uko salama kumbe wapi. Kulijua asubuhi injini ikiwa baridi washa, shika mabomba yote mawili, linaloanza kupata moto ndilo. Na ncha ya sensa iingie kwenye mkondo, usiifiche kwenye pembe ya kiungo ambapo oili haifiki.

gia_ya_tatu:
@mlima_kwa_mlima nakubali kwa mtu aliyezoea kama wewe. Ila kuna giaboksi zina themostati, oili haiendi kula mpaka ipate moto, geji ya kwenye bomba itakaa chini muda mrefu halafu ghafla juu. Mgeni atadhani sensa imekufa.

waya_mwekundu:
Pikapu ya mwaka gani? Kama ni ya kisasa ndani tayari kuna sensa, kompyuta ya gari inaisoma, unachomeka kifaa kidogo kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia kompyuta ya gari) unaona kwenye simu bila kutoboa chochote. Kama ni ya zamani endelea na geji. Na hiyo ya waya mmoja ethi yake ni bodi ya sensa yenyewe, ukizungusha tepu nyeupe nyingi kwenye nyuzi za kufungia geji itasoma ovyo au isisome kabisa. Paka gundi ya nyuzi kidogo tu. Kabla ya kufunga ichemshie maji, ncha ndani ya maji, bodi uiunganishe na ethi kwa waya, maji yakichemka inatakiwa isome karibu 100 (ukiwa sehemu ya juu sana itakuwa chini kidogo, usiitupe).

pikapu_ya_mzigo:
Asanteni wakuu, ni ya zamani, OBD haioni kitu cha giaboksi nimejaribu. Nimepima na udongo, sehemu ya kwanza niliyoitaka ingegonga filta kabisa, nimehamia nyuma ubavuni. Maji ya moto imesoma 98. Jana nimepanda na trela, gari likiwa tupu ilikuwa 84, mlimani ikafika 112, nikashusha gia ikakaa 106 mpaka juu. Kwa hiyo ile oili iliyoungua nimeshajua ilitokea wapi, miaka yote napanda ule mlima na gia ya juu. Nahisi oili kula yenyewe pia ni ndogo, naanza kutafuta kubwa.