Kwa nini ziwani mvua inapiga usiku, halafu huku bara inapiga mchana?

Mvuvi_Masese
Salaam wakuu. Mimi niko Jinja, Uganda, mwalo wa Masese kwenye Ziwa Victoria, navua mukene (dagaa) usiku kwa taa. Kuna kitu kinanisumbua siku nyingi. Saa nane saa tisa usiku tukiwa mbali kwenye maji, hapo ndo wingu linajijenga, radi, upepo, mawimbi, tunapiga makasia roho juu, na ukirudi mwaloni unakuta mchanga mkavu hakuna hata tone. Shemeji yangu analima mahindi Iganga, yeye mvua inamkuta saa tisa saa kumi mchana, usiku anaona nyota. Inakuwaje? La pili, karibu na kwetu watu wamekata mafunjo wakajaza udongo wajenge, na mzee mmoja akasema mkimaliza mafunjo mtamaliza samaki na mvua pia. Vijana wanasema hayo mambo ya zamani. Nataka ukweli maana nna watoto na kazi yangu ni hii.

mwl_Tororo
Ndugu yangu swali lako ni zuri sana, hili nafundisha kila mwaka. Mchana ardhi inashika moto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya shamba la shemeji inakuwa nyepesi inapanda, na ile ya ziwani inaingia mahali pake ikiwa na unyevu mwingi. Ikifika juu inapoa, mvuke unakuwa matone, mahindi yananyeshewa. Usiku inageuka. Ardhi inapoa upesi lakini maji yanabaki na joto lake, kwa hiyo upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ziwa letu ni pana, kilomita za mraba 68,000 na zaidi, limezungukwa na ardhi pande zote, basi pepo za Uganda, Kenya na Tanzania zinakutana huko kati usiku uleule na hazina pengine pa kwenda ila juu. Hiyo ndo dhoruba yenu ya saa tisa. Halafu upepo mkubwa wa huku unatoka mashariki, unasukuma mawingu kwenda magharibi, ndo sababu Kalangala na Bukoba wananyeshewa sana kuliko wenzao wa upande wa Kenya.

Na hili watu wengi hawalijui: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, hata Kagera, inaleta kilichobaki. Na kutoka ni hivyohivyo, mengi yanapanda hewani, sehemu ndogo tu ndo inapita hapo kwenu Jinja kuingia Nile.

mama_samaki_Ggaba
Mimi naongeza la samaki maana nauza miaka mingi. Mnakumbuka mwisho wa 2020 na Januari 2021 mputa (sangara) walivyokufa ovyo, wakubwa kabisa wanaelea? Watu walisema ni sumu, wateja wakakimbia. Wizara ikaeleza ni oksijeni ilipungua majini, dhoruba ilikoroga maji ya chini yasiyo na hewa ikayaleta juu. Mputa anahitaji oksijeni nyingi ndo maana anaanza yeye. Kamongo yeye anapanda juu anavuta hewa kama sisi. Kwa hiyo upepo unaweza kuua samaki bila kumgusa, hiyo ilinishangaza sana.

Mvuvi_Masese
Asante sana mwalimu, asante mama. Sasa ile hewa ya chini inaishaje? Na mafunjo je?

Bombo_mstaafu
Nilifanya kazi ya maji miaka mingi, ngoja nijibu. Maji yakipata mbolea nyingi yanaota ule ukijani unaouona kama rangi imemwagwa, ukifa unazama, unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Mbolea inatoka kwenye maji machafu ya miji na udongo unaochukuliwa na mvua mashambani. Na inatoka hewani pia! Tukichoma vichaka, majivu na vumbi vinapaa, vinashuka ziwani na mvua, na vina fosforasi ndani yake. Mtu anachoma nyasi mbali kabisa na maji na bado ziwa linaonja.

Mafunjo yanapunguza mwendo wa maji, udongo unatuama hapo, mizizi inakula sehemu ya hiyo mbolea, na samaki wadogo wanajificha humo. Kwa hiyo kwa samaki mzee wenu amesema kweli tupu. Kwa mvua amesema nusu, kinamasi kinatoa unyevu na hewa ya jirani inapoa, lakini mvua kubwa inapikwa na ziwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Tena waambie wanaojaza udongo wakumbuke Mei 2020, kipimo cha usawa wa maji ya ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964, nyumba ngapi za ukingoni ziliingia maji? Aprili ile kisiwa cha mafunjo kilichong'oka kilienda kuziba mitambo ya umeme hapo Jinja, nchi nzima ikawa giza.

Mvuvi_Masese
Kisiwa kile nilikiona kwa macho yangu, kilipita na miti yake juu. Nimeelewa wazee wangu. Mwalimu swali la mwisho, jioni naweza kujua kama usiku utakuwa mbaya?

mwl_Tororo
Sikiliza utabiri wa ziwa wa watu wa hali ya hewa wa serikali kabla hujasukuma mtumbwi, wanatoa kwa kanda. Na ukiwa majini ukaona radi zinawaka upande wa mashariki yako, usingoje wavu ujae, geuza, maana hilo wingu linakuja kwako.